Ruhusa ya Kurudisha Kete

Kaka yangu alikuwa fundi seremala, na mchezo wa Go aliukuta kazini. Wakati reli mpya inajengwa, alipata kibarua kwenye kambi ya wajenzi kule Ihumwa, kazi ya kutengeneza maumbo ya mbao ya kumwagia zege. Hapo kambini alikuwapo mhandisi mmoja Mkorea, mtu wa makamo, ambaye saa ya chakula alikaa peke yake na ubao wenye mistari, akipanga kete nyeusi na nyeupe, akizitazama, kisha akizipangua. Siku moja kaka akamwuliza, kwa ishara na kwa Kiswahili cha polepole, anashindana na nani. Mhandisi akacheka, akamsogezea kiti.

Maelezo ya mchezo wenyewe hayazidi dakika tano. Wachezaji wawili wanapokezana kuweka kete kwenye makutano ya mistari, mmoja nyeusi, mwenzake nyeupe. Kete ikishawekwa haisogei tena. Ukiizingira kete ya mwenzako pande zote, unaiondoa. Mwishoni, mwenye eneo kubwa zaidi ndiye mshindi. Ni hayo tu, na watu wanazeeka nayo.

Mhandisi aliporudi kwao, kaka akabaki na mchezo bila mtu wa kucheza naye. Wenzake pale kijiweni Mkonze walikuwa watu wa drafti. Walijaribu mara moja mbili wakasema huu mchezo hauna mwisho. Kwa hiyo akanifundisha mimi. Nilikuwa nasoma kompyuta chuoni, miaka tisa nyuma yake kwa umri, na tangu mama yetu alipofariki kwake ndiko kulikokuwa nyumbani kwangu. Kila Jumamosi asubuhi nilikwenda kwake Mkonze. Wifi yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akifua au akisahihisha madaftari, nasi tumekaa barazani na ubao katikati yetu hadi ugali unapoletwa.

Ubao wa kwanza alioutengeneza ulikuwa wa kawaida, wa mraba. Baada ya hapo akawa anatumia mabaki ya kazi, na mabaki hayaji kwa mraba. Alikata wa pembetatu kutokana na kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye dari ya mtu. Akatengeneza mwingine wenye tundu katikati, kwa sababu ubao ule ulikuwa na jicho la mti lililooza akaling'oa. Siku nyingine nilimkuta amechora mistari kuzunguka kipande cha bomba la plastiki, nene kama paja, ikabidi tucheze kwa chaki, yeye anaweka duara, mimi msalaba, huku tunalizungusha bomba kutafuta kete zimeishia wapi. Nilicheka siku ile hadi wifi akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Alioupenda zaidi ulikuwa wa duara, mpana kama ungo, wenye mistari ya kuzunguka na mistari ya kutoka katikati. Kwenye ubao wa mraba, mchezaji mwoga anakimbilia pembeni, maana pembe ni rahisi kuilinda. Ule wa duara haukuwa na pembe.

"Hapa utajificha wapi?" kaka aliniuliza mara ya kwanza tulipoutumia. Nilikuwa nimezoea kujificha. Nikafungwa vibaya.

Tulikuwa na sheria zetu pia, ambazo yule mhandisi asingezikubali. Kubwa kuliko zote ilikuwa ruhusa ya kurudisha. Kila mchezaji, mara moja tu katika mchezo, aliweza kusema "narudisha", akainua kete yake ya mwisho na kuiweka pengine. Lakini kwanza alitakiwa aeleze kwa nini aliiweka pale.

"Narudisha," nilikuwa nasema.

"Kwa nini uliiweka hapo?"

"Nilikuwa na tamaa ya kula kete zako. Sikuangalia nyuma."

"Haya, rudisha. Sasa umebaki na macho yako tu."

Kaka aliipenda sheria hiyo kuliko kushinda. Alisema mtu akikuambia kwa nini amekosea, umemjua zaidi kuliko ukimfunga mara kumi. Mimi niliichukulia kama huruma anayonifanyia kwa sababu ni mdogo wake. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba yeye ndiye aliyeitumia mara nyingi.

Nilipoanza shahada ya pili, msimamizi wangu aliniambia nitafute tatizo dogo ambalo bado halijaulizwa sana. Programu za kucheza Go zilikuwa zimekwisha kuwashinda mabingwa wa dunia, lakini karibu zote ziliujua ubao wa mraba peke yake. Nikafikiria barazani kwa kaka. Nikaandika pendekezo la programu inayoweza kucheza kwenye ubao wa umbo lolote: haioni mraba wala duara, inaona nukta na majirani zake tu, inajifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe maelfu ya mara. Msimamizi alifurahi. Kaka alifurahi zaidi yake. Alinichorea maumbo ishirini na mbili kwenye karatasi ya saruji, akanipa vipimo vyote kwa milimita, kama mtu aliyeagizwa kabati.

Mwaka uliofuata akaanguka. Alikuwa juu ya paa la nyumba ya jirani, si mbali na kwake, akipigilia mabati. Upepo wa Julai unajulikana ulivyo huku kwetu, ukaingia chini ya bati alilolishika ukamnyanyua nalo. Uti wa mgongo ulivunjika. Alikaa hospitali miezi miwili, akarudi nyumbani akiwa na mikono mizima, kichwa kizima, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kitu.

Wifi alitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda shuleni, akarudi saa kumi jioni. Mama mmoja jirani alikuja mchana kumgeuza na kumpa chakula. Saa zilizobaki kaka alilala kwa ubavu kwenye kitanda walichokisogeza karibu na dirisha, akiangalia ua.

Miezi ya mwanzo nilikwenda kila Jumamosi, kama zamani, na mara nyingine katikati ya wiki. Tulicheza ubao ukiwa juu ya godoro. Kisha utafiti ukabana. Programu ilikuwa inajifunza vizuri kwenye pembetatu na inafanya upuuzi kwenye duara, na chumba cha kompyuta kilikuwa na nafasi mwisho wa wiki tu, wanafunzi wengine wakiwa wameondoka. Nikakosa Jumamosi moja. Nikakosa mbili. Ndipo nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni zuri mno. Wifi alikuwa na kishikwambi alichopewa kwa ajili ya kazi yake ya ualimu. Nikaweka programu yangu humo, na mbao zote ishirini na mbili alizozichora kaka, nikampelekea.

"Sasa una mtu wa kucheza naye kutwa nzima," nilimwambia.

Alikigeuza kishikwambi mkononi kama anavyogeuza mbao kutafuta ufa. Akachagua duara. Akaweka kete, programu ikajibu palepale kabla hajaondoa kidole. Akaweka nyingine. Dakika kumi baadaye alikuwa amefungwa.

"Inacheza vizuri," alisema. Kisha akatafuta kitu kwenye kioo, juu na chini. "Pa kurudisha ni wapi?"

"Hakuna, kaka. Hiyo si sheria rasmi."

"Rasmi ya nani?"

Nikamweleza. Ruhusa ya kurudisha inavuruga mahesabu; programu inajifunza kwa kudhani kwamba kila kete ni ya mwisho; msimamizi amesema nianze na sheria rahisi. Yote yalikuwa kweli. Nikamwahidi nikishamaliza utetezi wa tasnifu nitamwekea. Akasema haya, hamna neno.

Nilimpigia simu jioni, si kila siku. "Leo umecheza mingapi?" ndilo lilikuwa swali langu. "Minne," alijibu. Au saba. "Yote imenifunga." Na mimi, huku upande wangu wa simu, nilifurahi. Sikufurahi kwamba amefungwa, nilifurahi kwamba programu imekomaa. Nilikuwa na jedwali, na kila mchezo aliofungwa kaka uliongeza namba upande niliotaka uongezeke.

Siku moja akaniuliza, "Jumamosi unakuja?"

"Hii haitawezekana. Lakini si unayo programu?"

 Nilisikia jogoo wa jirani yake kwenye simu.

"Ninayo," akasema.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kichwani, nikitafuta kama kulikuwa na lawama ndani yake. Sikuipata. Ingekuwapo, labda ningepumzika.

Wiki ya utetezi wangu alipata homa. Vidonda vya kulalia vilikuwa vimechimbika mgongoni na ubavuni, wifi alivisafisha kila jioni kwa mikono yake, lakini safari hii uchafu uliingia kwenye damu. Walimlaza hospitali siku ya Jumatatu. Wifi hakunipigia. Kaka alimkataza, akasema niachwe nimalize. Nilitetea Jumatano asubuhi, nikafaulu, nikapiga simu nyumbani kutangaza, na wifi akasema, "Hongera wifi yangu. Sasa njoo hospitali."

Nilimkuta amekonda shingo, macho yanang'aa kwa homa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika kwa kunyanyua vidole viwili. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kusikia kila kitu: nani alikaa wapi, nani aliuliza nini.

"Waliuliza ni nani aliyeshindana na programu kwa muda wote huo," nilimwambia.

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni mchezaji wa kiwango cha kati."

Akacheka, kicheko kikamgeuka kikohozi. Wifi akamshika kifua. Alipotulia akasema, "Wa kati." Halafu, bila kukasirika, kama mtu anayekuonyesha msumari ulioingia upande, "Ungesema, 'Ni kaka yangu.'"

"Ile ni tasnifu, kaka. Haiandikwi hivyo."

"Sawa."

Nikamwambia Jumamosi nitakuja na ubao wa duara, ule wenyewe wa mbao, tucheze hapohapo kitandani na sheria zetu zote. Akaitikia kwa kichwa. Alifariki Ijumaa alfajiri. Wifi alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa chumbani kwangu chuoni, nimelala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Tulimzika Mlali, kwenye shamba la babu, jirani na kaburi la mama. Mafundi wenzake wa Mkonze walikuja kwenye lori, wakalitengeneza jeneza wenyewe, na mmoja wao alikaa chini ameikumbatia randa yake analia kwa sauti, mtu mzima, hakuna aliyemzuia. Nilisimama na wanawake. Nilipoulizwa kama nina neno la kusema juu ya marehemu nilitikisa kichwa.

Baada ya arobaini wifi aliniita. Shule ilitaka vishikwambi vyote vikaguliwe, akaniomba niondoe mchezo wangu. Nilikaa barazani kwake kufanya kazi hiyo, kazi ya dakika mbili. Lakini programu ilikuwa inahifadhi kumbukumbu ya kila mchezo, kete kwa kete, nami sikuwahi kuzisoma. Nilikuwa nachukua matokeo ya mwisho tu, nani kashinda, basi. Kabla ya kufuta nikazifungua.

Mwanzoni nilidhani ni hitilafu. Michezo ilikuwa inafanana. Mchezo mmoja wa duara ulikwenda kete thelathini na moja, akafungwa. Uliofuata ulikuwa uleule, kete kwa kete, hadi ya ishirini na sita. Pale ndipo alipoweka tofauti, akafungwa tena. Uliofuata vilevile hadi ya ishirini na nane. Nikatelemsha kidole. Kurasa na kurasa za namna hiyo, miezi mitano.

Kisha nikaelewa. Programu niliitengeneza ijibu vilevile kila inapokutana na hali ileile, ili majaribio yangu yaweze kurudiwa na mtu mwingine. Kaka aliligundua hilo peke yake. Alijua kwamba akianza upya na kuweka kete zake zilezile, mashine nayo itaweka zilezile, hadi afike pale alipokosea. Nilimnyima pa kurudisha, akajitengenezea. Ili ainue kete moja, aliucheza upya mchezo mzima tangu mwanzo, kete ishirini, thelathini, amelala kwa ubavu mmoja juu ya vidonda, kidole kimoja kwenye kioo.

Na mimi kila mchezo huo nilikuwa nimeuhesabu. Kwenye jedwali langu ilikuwa ni michezo mingi tofauti ambayo programu imemshinda binadamu. Kumbe ilikuwa michache, mtu mmoja anajaribu kurekebisha.

Niliendelea kusoma hadi mwisho. Kuna mchezo mmoja aliurudia mara kumi na moja. Katika mara ya kumi na moja alishinda, kwa tofauti ya nukta mbili. Ulikuwa ushindi wake wa pekee, na sikuwa nao kwenye jedwali, kwa kuwa wakati huo nilikwisha acha kukusanya. Nilitazama siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, wiki mbili kabla ya utetezi.

"Wifi," niliita. Alikuja na mikono yenye unga. "Unakumbuka siku kaka alipoishinda hii?"

Alikaa chini taratibu. "Nakumbuka. Alipiga kelele nikadhani ameanguka kitandani. Nikamkuta anacheka peke yake, jasho linamtoka. Akasema nisikwambie, atakwambia mwenyewe. Akakupigia."

"Nikapokea?"

"Ulimwambia uko na watu, utampigia."

Nilitafuta kwenye simu yangu. Simu yake ilikuwapo, saa tano na dakika nane asubuhi. Yangu ya kumrudia haikuwapo siku hiyo wala kesho yake. Tulipozungumza tena, siku ya tatu, bila shaka nilimwuliza amecheza mingapi. Sikumbuki alijibu nini. Kama alinitajia ushindi ule nami nikaupita, sitajua kamwe, na nadhani hakunitajia. Nadhani alisubiri nije.

Sikuifuta programu kwanza. Siku tatu nilikaa na mashine yangu nikaongeza kitufe cha kurudisha, kama nilivyoahidi. Kazi yenyewe ilinichukua asubuhi moja. Siku mbili zilizobaki nilikuwa namhakikishia mtu asiyekuwapo kwamba inafanya kazi. Kisha nikamwandikia msimamizi kwamba sura ya nne ya tasnifu yangu ina kosa, kwamba michezo ile haikuwa tofauti kama nilivyodai. Aliniita ofisini. Ni mtu mpole. Alisema ukweli huo haubadilishi shahada, ila anashukuru nimesema, tuandike ukurasa wa masahihisho. Niliuandika palepale mbele yake. Alinisubiri nilipokuwa nalia, akaangalia dirishani.

Wifi hakuendelea kukaa Mkonze. Aliomba uhamisho, akapata shule jirani na Mlali, akasema anataka kuwa karibu na kaburi, na pia nyumba ile ilimshinda kwa ukimya. Nilikwenda kumtembelea likizo ya kwanza, wakati wa mavuno. Nilimkuta shambani kwenye kiwanja cha kupuria, anapepeta uwele na ungo mpana, kitambaa kimemfunika pua. Nilichukua ungo mwingine nikasimama upande wake.

Tulipopumzika nilimwambia jambo nililokuja nalo kutoka mjini. Nilimwambia nataka nimfundishe ule mchezo. Kwamba ni rahisi kuanza, kwamba tungekuwa tunacheza wawili, mimi na yeye, nikija.

 Alitoa makapi kwenye nywele zangu, moja moja.

"Miaka yote ile mlicheza barazani kwangu," alisema. "Nilileta maji, nilileta chakula. Nilikuwa nasimama mlangoni naangalia. Hamkuwahi kuniuliza kama nataka kujua."

Niliuweka chini ungo niliokuwa nimeupakata.

"Sikulaumu. Yeye alikuwa anafurahi, na mimi nilifurahi akifurahi. Lakini sasa usinifundishe, wifi yangu. Nimechoka kuuangalia."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Shika ungo."

Tukasimama tena. Uwele ulianguka mbele ya miguu yetu na makapi yakaenda upande wa barabara. Alinieleza habari za darasa lake jipya, watoto sabini na madawati machache, na mimi nikamweleza kwamba nimeombwa kufundisha chuoni muhula ujao. Akasema ni vizuri. Kisha upepo ukakata, kama unavyofanya mchana huku, na hakuna kupepeta bila upepo. Tukaweka nyungo chini, tukaketi juu ya magunia kuusubiri.